Mvua ina sheria yake, mto una sheria yake, mafuriko hayana mwenyewe. Tudai kituo kimoja cha utabiri

#1 KipimoChaMto (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ningeweza kuupeleka jukwaa la sayansi, lakini nimeuleta huku kwa makusudi, maana ninachokililia kinatengenezwa bungeni.

Kwanza tuseme kilichopo, maana kipo na kimefanya kazi. Tangu 2019 TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ina sheria yake yenyewe, Sheria Na. 2 ya mwaka ule. Kabla ya hapo ilikuwa wakala wa serikali tangu 1999, na nyuma zaidi idara iliyozaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Sheria ya 2019 iliweka utaratibu wa kusajili vituo vya hali ya hewa na ikataka tahadhari itoke kwa sauti moja. Rada saba nazo zilipangwa: Dar es Salaam, Mwanza, Mtwara, Mbeya, Kigoma, Dodoma na Kilimanjaro. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea pwani yetu, taarifa zilianza kutoka kabla hakijafika Mafia, na boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Kwa ukanda ambao vimbunga vikali ni vya nadra (Zanzibar 1872, Lindi 1952), ile ni kazi ya kupongezwa.

Upande wa upepo na mawingu, basi, tumepiga hatua. Shida inaanza mvua ikishagusa ardhi.

Fuatilieni maji. Yakiwa angani ni ya Wizara ya Uchukuzi kupitia TMA. Yakianza kutiririka yameingia Wizara ya Maji, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 na bodi tisa za mabonde. Yakifika bwawa la umeme yako kwa TANESCO, na huko ni Wizara ya Nishati. Yakiingia sebuleni kwa mtu yamekuwa maafa, yamekwenda Ofisi ya Waziri Mkuu na sheria ya maafa ya 2022. Kila ofisi ina wataalamu wake wazuri na wanashirikiana, wanakaa vikao, wanatumiana taarifa. Lakini ushirikiano wa vikao hutegemea nani yuko ofisini mwaka huo na wanaelewanaje. Mimi nataka uandikwe kwenye sheria, pamoja na muda wa kutekeleza na jina la mwenye kuwajibika.

Tuone kazi yenyewe ilivyo. Nendeni kwenye daraja lolote la mto mkubwa mwangalie nguzo zake. Sehemu nyingi mtaona bamba jembamba lenye mistari na namba, kama rula ndefu iliyosimamishwa majini. Hicho ndicho kipimo cha kina. Pale ambapo hakuna mtambo wa kurusha taarifa, msomaji, ambaye kwa kawaida ni mkazi wa hapo hapo anayelipwa posho, anashuka asubuhi na jioni, anasoma, anaandika kwenye daftari. Sasa mafuriko hayachagui saa. Yakija makubwa usiku, gogo linapinda bamba, na ile siku ambayo namba inahitajika kuliko siku zote ndiyo siku ambayo daftari lina mstari mtupu.

Hata namba ikisomwa, kina peke yake hakikuambii maji kiasi gani yanapita. Lazima mtaalamu aende mtoni na mashine ya kupima kasi ya maji, aende kiangazi mto ukiwa chini, aende tena ukiwa wa kati, aende tena umefurika, ndipo atengeneze mchoro wa kugeuza kina kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Mto ukihamisha mchanga wake, mchoro umeshapitwa, anarudi kupima upya. Kazi hii haina uzinduzi wala utepe wa kukata, na bajeti ikibana ni rahisi sana kuisahau. Bila mchoro ule, rada zote saba zitakuambia mvua kubwa imenyesha Udzungwa, basi. Hazitakuambia maji yatafika kimo gani Muhoro, kule Rufiji, wala lini.

Na Rufiji ndiyo bonde la kuanzia, kwa sababu linatabirika. Kilombero na Luwegu zinakutana na kuufanya Rufiji, Ruaha Mkuu unaingia kabla ya korongo la Stiegler, palipo na Bwawa la Julius Nyerere. Mvua ya Kilombero haifiki delta kwa saa mbili. Inapita mbuga kubwa ya majimaji inayopunguza kasi yake, inachukua siku. Siku hizo ni za kuhamisha watoto, mbuzi na gunia za mpunga, kama kuna mtu aliyepewa kazi ya kuzitangaza. Aprili 2024, Rufiji na Kibiti zilipozama, nchi nzima ikabishana kama ni mvua au ni maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ilitoa maelezo yake, wengine wakatoa yao, na mkazi wa Muhoro alisikia hoja za pande zote bila kuwa na namba mkononi. Tarehe 25 ya mwezi ule Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua na mafuriko yale ya msimu yalikuwa yameua watu 155 nchini.

Wenzetu walifanyaje? Ufaransa, Septemba 2002, mkoa wa Gard ulipigwa na mvua iliyozidi milimita 600 ndani ya siku moja baadhi ya maeneo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Julai 2003, wakapitisha sheria inayotamka kuwa kupanga uangalizi, utabiri na upashaji habari za mafuriko ni jukumu la serikali kuu. Kituo cha taifa cha utabiri wa mafuriko wakakiweka Toulouse, mji ule ule ambao wataalamu wao wa hali ya hewa wanafanyia kazi. Tangu 2006 ramani yao iko wazi mtandaoni, mto kwa mto, kwa rangi nne, na inatolewa mara mbili kwa siku hata kukiwa shwari. Uingereza nao baada ya mafuriko ya kiangazi cha 2007, ripoti ya Sir Michael Pitt ilipendekeza watu wa hali ya hewa na watu wa mito wakae chumba kimoja. Kituo kikaanza 2009. Hakuna taasisi iliyovunjwa. Waliondoa ukuta uliokuwa katikati.

Ninachopendekeza ni hiki. Bunge litunge sheria inayoanzisha kituo cha pamoja cha utabiri wa mafuriko na ukame, TMA na Wizara ya Maji wakikiendesha pamoja, chenye watu wa zamu saa 24. Taarifa ya kina cha mto itoke kwa kila kituo kikuu kila siku, iwe wazi kwa mtu yeyote, bure. Mwenye bwawa kubwa, awe wa umma au binafsi, atangaze maji yanayoingia, yanayotoka, na anachopanga kutoa kesho. Na kuwe na fungu la kudumu la kutunza vituo, lisiloguswa kwa shughuli nyingine.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnikosoe.

#2 mpunga_mlimba

Mkuu umegusa penyewe. Sisi wa bonde la Kilombero utabiri wa msimu tunausikia redioni, "mvua za wastani hadi juu ya wastani". Nashukuru, unanisaidia kuamua nipande mbegu gani. Lakini shamba langu liko mbugani, halizamishwi na mvua inayonyesha juu yake, linazamishwa na mto unaotoka milimani. Mvua inaweza ikawa ya wastani kwangu na mto ukapanda.

Nitoe mfano ambao wa ofisini wanaweza wasiuone. Ukimwaga mbolea ya urea leo na mto ukaingia jarubani kesho kutwa, hela yote imekwenda na maji. Ningeambiwa tu, "Mnyera utapanda ndani ya siku tatu", ningesubiri. Sihitaji ramani. Nahitaji meseji moja ya simu yenye jina la mto na siku.

#3 Wakili_Kisutu

Hoja nzuri, naiunga mkono, ila kuna jiwe la kikatiba ambalo mleta uzi amelipita. Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano, limo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Maji si jambo la Muungano. TMA inafanya kazi Bara na Visiwani, bodi za mabonde ni za Bara tu, na Zanzibar ina mamlaka yake ya maji na Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa. Ukitunga sheria moja ya kituo cha pamoja, nusu yake itavuka bahari na nusu yake itabaki Bandari ya Dar.

Njia ipo. Bunge la Muungano litunge upande wake, na kiwekwe kifungu cha makubaliano na Serikali ya Mapinduzi, kisha Baraza la Wawakilishi litunge ya kwake inayofanana. Ni kazi ya ziada lakini haikwepeki, kwa sababu masika yakija Unguja mitaa ya bondeni inajaa kama Jangwani ya Dar tu.

La pili, jihadhari na kupenyeza jambo hili kwenye Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ule muswada mmoja unaogusa sheria nyingi kwa pamoja. Litapita haraka, halitajadiliwa, na neno litakalobaki ni "Waziri anaweza". Unataka "Waziri ata". Kwenye sheria tofauti hiyo ndiyo kila kitu: la kwanza ni ruhusa, la pili ni wajibu ambao mwananchi anaweza kuuhoji mahakamani.

#4 mzee_wa_hoja

Mnatunga sheria juu ya sheria. Tatizo ni hela. Hata uandike "ata" mara mia, kama hakuna mafuta ya gari la mtaalamu kwenda mtoni, hakuna kipimo.

#5 KipimoChaMto

@mzee_wa_hoja nakubali kuhusu hela, na ndiyo maana nataka fungu liandikwe humo humo. Lakini sheria inafanya jambo ambalo hela peke yake haifanyi, inaweka lengo ambalo taasisi italazimika kulijibia. Marekani mwaka 2017 walipitisha sheria ya utafiti na utabiri wa hali ya hewa. Ndani yake mkaandikwa kuwa lengo la tahadhari za kimbunga cha tornado ni kuvuka saa moja kabla hakijapiga. Likishaandikwa hivyo, kila bajeti inayokuja mbunge anaweza kuuliza: mmefika dakika ngapi? Sisi tungeandika kwamba tahadhari ya mafuriko ya Rufiji itoke angalau siku mbili kabla. Mtu angeulizwa.

@Wakili_Kisutu asante sana, hilo la Muungano nalichukua.

#6 mto_tana

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya hadithi ni ile ile. Idara ya hali ya anga iko kwake, Mamlaka ya Rasilimali za Maji iko kwake chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yanaendeshwa na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Masinga ikijaa na kumwaga, ilani hutolewa kwa watu wa Garissa na Tana River. Hiyo ilani tunaishukuru. Lakini mtu wa Garsen akiambiwa "hamieni sehemu za juu" anauliza juu kiasi gani, maana huko ni tambarare, na tofauti ya mita moja ndiyo inaamua ni kijiji kipi kitabaki kikavu.

Nawaongezea moja. Mai Mahiu, 29 Aprili 2024, watu wengi waliuawa usiku na maji ambayo hayakutoka kwa bwawa wala mto mkubwa. Yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, njia ya maji ikiwa imezibwa na matope na miti, kisha yakapasua. Hakuna kipimo cha mto kingeona hayo. Kwa hivyo hicho kituo chenu mkikitungia sheria, wapeni watu wa reli na wa barabara wajibu wa kuripoti makaravati (njia za maji chini ya reli na barabara) yaliyoziba. Hiyo pia ni taarifa ya mafuriko.

#7 Jangwani_zamani

Mimi naongea kwa niaba ya watu wa mjini. Mnazungumzia Rufiji ya siku kadhaa. Mto Msimbazi wa hapa Dar hauna siku. Mvua ikishuka kule Pugu na Kisarawe, saa chache baadaye maji yako Jangwani, na karakana ya mabasi ya mwendokasi imezama. Desemba 2011 tulipigwa na mvua ambayo TMA ilisema haijaonekana tangu 1954, watu wakafa, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Kwa mto mfupi kama huu meseji ya kesho haina maana. Unataka rada iangalie wingu likiwa bado Kisarawe, vihisi vya kina kwenye madaraja ya juu, na mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kupiga king'ora bila kuomba sahihi ya bosi. Hayo mamlaka ya mtu wa zamu yaandikwe. Saa nane usiku nani anatafuta sahihi?

#8 daftari_la_mto

Nimefanya kazi ya vipimo, mabonde mawili tofauti, sitataja. Yote aliyosema mleta uzi kuhusu bamba na daftari ni kweli, naongeza yale ya kisheria ambayo hayaonekani.

Mtambo wa kurusha taarifa unahitaji betri na paneli ya sola. Paneli inaibwa. Aliyeiba akikamatwa, anashtakiwa kwa wizi wa kitu cha bei ndogo. Sheria ingeweka kosa maalumu la kuharibu kituo cha tahadhari, na adhabu iendane na maisha yaliyowekwa rehani. Pia ardhi: kituo kinawekwa ukingoni mwa mto kwenye shamba la mtu, hakuna hati, shamba likiuzwa mmiliki mpya anang'oa. Kuwe na haki ya njia kama ilivyo kwa nguzo za umeme.

Halafu msomaji. Huyu ndiye anaamka mvua ikimnyeshea. Kama posho yake inachelewa miezi, atasoma mara moja kwa wiki na kujaza zilizobaki kwa kukisia, na utabiri wote utajengwa juu ya namba za kukisia. Mtambo haumwondoi, kwa sababu mtambo ukisema uongo ni yeye tu anayeweza kugundua. Naomba jina la kazi yake liwemo ndani ya sheria, pamoja na malipo ya kila mwezi.

#9 mzee_wa_hoja

@daftari_la_mto hapo sina la kupinga. Ila niulize, Marekani iliyotajwa hapo juu ina hela na sheria zote hizo, na watu zaidi ya 100 walikufa Kerr County, Texas, usiku wa kuamkia 4 Julai 2025. Kwa nini?

#10 KipimoChaMto

Swali zito na ni la haki. Kule utabiri wa mvua na wa mito uko taasisi moja. Onyo la mafuriko ya ghafla lilitolewa saa 7 na dakika 14 usiku, maji yalikuja alfajiri. Onyo lilikuwepo. Kando ya Mto Guadalupe pale Kerr hapakuwa na ving'ora vya kuwaamsha watu waliolala, jambo ambalo viongozi wa eneo walikuwa wamelijadili kwa miaka bila kulikamilisha. Yaani sheria iliishia kwenye kompyuta ya mtabiri na haikufika kitandani kwa mtoto. Kwa hiyo alichosema @Jangwani_zamani kuhusu king'ora na mtu wa zamu hakiwezi kuwa nyongeza ya mwisho wa ukurasa. Lazima kiwe kifungu kinachoitaja halmashauri kwa jina, kwamba king'ora ni chake, majaribio ni kila mwanzo wa masika na vuli, na ripoti inakwenda kwa baraza la madiwani.

#11 mpunga_mlimba

Na meseji iwe ya Kiswahili cha kawaida. Usiniandikie mita za ujazo kwa sekunde. Niandikie "maji yatafika daraja la chini".

#12 KipimoChaMto

Nimekaa na michango yenu, kiini cha rasimu kwa sasa kinasomeka hivi. Wakili aninyooshee lugha kabla sijakipeleka kwa mbunge wetu:

"Kituo kitatoa, kila siku kabla ya saa 4 asubuhi, taarifa ya kina cha sasa na kina kinachotarajiwa kwa siku tano zijazo katika kila kituo kikuu cha mto, kwa Kiswahili na kwa kutaja maeneo yanayofahamika na wakazi. Mwendeshaji wa bwawa atakipa Kituo takwimu za maji yanayoingia na kutoka kila siku, na mpango wa kufungua milango saa 48 kabla, isipokuwa pale ambapo usalama wa bwawa hauruhusu kusubiri, na katika hali hiyo atatoa taarifa mara moja. Ofisa wa zamu atakuwa na mamlaka ya kutoa tahadhari kubwa bila idhini ya mtu mwingine. Halmashauri itahakikisha tahadhari hiyo inasikika katika kila kijiji na mtaa uliotajwa, na itaifanyia majaribio kabla ya kila msimu wa mvua. Kila kituo cha kupimia kitakuwa na msomaji mwenye mkataba na malipo ya kila mwezi."

Hizo saa 48 za milango ndizo zinanitia shaka. Kwa Mtera na Kidatu naona zinawezekana, kwa bwawa dogo la shamba lililo juu ya kijiji huenda zisiwezekane kabisa. Mwenye uzoefu wa kuendesha milango ya bwawa aseme neno hapa.

#13 daftari_la_mto

Mabwawa madogo yatenge kifungu chake. Mengi hayana milango ya kufungua, maji yanapita juu yenyewe yakijaa. Kwa hayo usidai saa, dai mstari mwekundu uchorwe ukutani mita moja chini ya ukingo, na maji yakigusa mstari mwenye bwawa apige simu Kituo na kwa mwenyekiti wa kijiji cha chini.

#14 KipimoChaMto

Nimeongeza. Rasimu ya pili nitaiweka hapa hapa Jumapili, @mto_tana tafadhali angalia sehemu ya reli na makaravati kama nimeiandika ulivyokusudia.